Tuvitambulisheje kwa wazazi vipindi vya michezo, muziki na ushauri nasaha?

Swali: Mwalimu Mratibu

Ndugu walimu, washauri nasaha na wazazi mliomo humu,

Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa barua na mkutano mfupi wa mwanzo wa mwaka wa masomo, ili familia za wanafunzi wetu wa shule ya msingi zivifahamu vipindi vya elimu ya viungo, muziki na ushauri nasaha. Walimu wa vipindi hivi hawana darasa lao wenyewe. Wanapokea madarasa yote kwa zamu, kila darasa mara moja au mbili kwa wiki, na kwa sababu hiyo mzazi anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuonana nao, ilhali wao humwona mtoto wake kila wiki, tena kwa miaka kadhaa mfululizo, wakati mwalimu wa darasa hubadilika kila mwaka.

Mwaka jana tulipeleka barua ya kurasa mbili iliyojaa malengo ya mtaala. Niliiandika mwenyewe kwa uangalifu, lakini maswali yaliyorudi yalinionyesha kwamba haikueleweka. Tulikuwa tumewaita wenzetu hawa "walimu maalumu", na mama mmoja akafika ofisini asubuhi na mapema, barua ikiwa imekunjwa mara nne mkononi mwake, akitaka kujua ni lini na kwa kipimo gani mtoto wake alihamishiwa elimu maalumu bila yeye kuarifiwa. Baba mmoja aliuliza kwa nini vipindi vya hisabati na kusoma vipunguzwe ili watoto wakacheze. Na kila mshauri nasaha alipomwita mtoto kwa mazungumzo, swali la kwanza kutoka nyumbani lilikuwa, "Amefanya kosa gani?"

Naomba msaada wenu. Je, barua iwe moja kwa vipindi vyote, au kila mwalimu ajieleze mwenyewe? Mnamjibu vipi mzazi anayeona vipindi hivi vinakula muda wa masomo? Na zaidi ya yote, ushauri nasaha mnauelezaje ili mzazi asiupokee kama habari mbaya?

Jibu: Mwalimu wa Viungo

Mwalimu mwenzangu, nianze na neno lile lililoleta mtafaruku. Acheni kutafuta jina moja la kuwakusanya wote. Waiteni kwa kazi zao: mwalimu wa michezo, mwalimu wa muziki, mshauri nasaha. Mzazi hatachanganyikiwa.

Kuhusu barua, ushauri wangu ni kwamba kila mwalimu ajieleze kwa aya moja, na aya hiyo isiseme somo linalenga nini bali mtoto atakuwa akifanya nini. Mimi huwaeleza wazazi kuhusu kurusha mpira. Mtoto wa miaka sita au saba anayerusha kwa mkono wa kulia, mara nyingi hutanguliza mguu huohuo wa kulia, kiwiliwili chake kikabaki kimekazana mbele, na mpira ukaanguka karibu na vidole vyake. Kazi yangu ni kumfundisha asimame ubavu, atangulize mguu wa kushoto, kisha azungushe kiuno kabla mkono haujapita juu ya bega. Nachora nyayo mbili sakafuni kwa chaki, naye anaweka miguu yake juu ya zile nyayo na kurusha, mara kumi, mara ishirini, kila mtoto akiwa na mpira wake ili pasiwe na foleni ya watoto thelathini wanaomsubiri mmoja. Baada ya wiki chache chaki inafutwa na miguu inakwenda yenyewe. Nikimweleza mzazi hivyo, haniulizi tena kama "tunacheza tu", kwa sababu ameona kuna jambo linalofundishwa, linalopimwa na linaloweza kukosewa.

Wazazi wengi wanadhani kipindi cha michezo ni mechi ambayo wenye mbio wanang'ara na wengine wanakaa pembeni. Pengine ndivyo walivyosoma wao. Kwa hiyo semeni waziwazi kwamba hakuna mtoto atakayechaguliwa wa mwisho mbele ya wenzake, kwamba kukimbia hakutumiki kama adhabu, na kwamba mtoto mwenye ulemavu anashiriki kwa mpira mkubwa zaidi, umbali mfupi zaidi au sheria zilizorekebishwa, wala hapewi kazi ya kushika filimbi na kuhesabu mabao.

Kuhusu muda, kuna hesabu ambayo huwaonyesha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli za mwili zenye nguvu ya wastani au kubwa, na kwamba angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli za nguvu kubwa na zile za kuimarisha misuli na mifupa. Hizo ni dakika 420 kwa wiki. Mimi nikipewa vipindi viwili vya dakika 40, ninazo 80, na ndani yake kuna kubadilisha nguo, kupanga vifaa na kusikiliza maelezo. Shule haiwezi kufikisha kipimo hicho kwa vipindi vyangu peke yake, nami siwaahidi wazazi hivyo. Ninachowaahidi ni kwamba mtoto atajua kukimbia, kuruka, kudaka, kurusha na kujimudu mwili wake, ili akitoka nje jioni awe na cha kufanya na asijitenge kwa aibu ya kutojua.

Mwisho, ombeni taarifa za afya hapohapo kwenye barua. Pumu, moyo, kifafa, mzio, jeraha la karibuni: haya nayahitaji kabla ya kipindi cha kwanza, na kama mtoto anatumia dawa ya pumu ya kuvuta, nahitaji kujua inakaa wapi na kama anaweza kuitumia mwenyewe.

Jibu: Mshauri Nasaha wa Shule

Ndugu mwalimu, swali lako la tatu ndilo lililonifanya niandike, nami nitalikalia kidogo.

Kosa tunalolifanya shule nyingi ni kumtambulisha mshauri siku ile mtoto anapomhitaji. Mzazi anasikia jina langu kwa mara ya kwanza pamoja na habari kwamba mwanawe amelia darasani au amepigana, na tangu hapo jina langu na habari ile vinakaa pamoja. Utambulisho unatakiwa ufanyike wakati hakuna tatizo lolote, na ufanyike kwa wazazi wa watoto wote.

Aya ya ushauri nasaha ieleze kwanza kwamba kazi yangu ina sura tatu. Sehemu kubwa ni masomo kwa darasa zima: naingia darasani, tunajifunza kutaja hisia kwa majina yake, kutulia kabla ya kujibu, kuomba msamaha, kukataa jambo baya na kutafuta msaada wa mtu mzima. Kila mtoto wa shule hukutana nami kwa njia hiyo, kwa hiyo hakuna "watoto wa mshauri". Sehemu ya pili ni vikundi vidogo, watoto wachache kwa wiki kadhaa, kwa mfano wale waliohamia shule karibuni au wanaopata shida kupata marafiki. Mtoto haingii katika kikundi kabla mzazi hajaridhia. Sehemu ya tatu ni mazungumzo ya mtoto mmoja mmoja, ambayo huwa mafupi, na ambayo yanaweza kuombwa na mwalimu, na mzazi, au na mtoto mwenyewe.

Kisha semeni nisichokifanya. Sitoi adhabu, na maneno ya mtoto chumbani kwangu hayaandikwi katika ripoti ya maendeleo yake. Simpi mtoto jina la ugonjwa. Sichukui nafasi ya daktari wala ya tiba ya muda mrefu. Nikiona mtoto anahitaji huduma hiyo, nakaa na familia na kuwaonyesha njia ya kuipata.

Jambo linaloogopwa na wazazi zaidi, ingawa ni wachache wanaolitamka, ni siri. Wanahofu kwamba mtoto atasimulia mambo ya nyumbani. Msilikwepe. Waambieni kwamba mazungumzo yetu ni ya faragha, na kwamba faragha hiyo ina mipaka ambayo mtoto mwenyewe huelezwa siku ya kwanza kwa maneno anayoyaelewa. Mimi huwaambia watoto hivi: "Unayoniambia yanabaki kwangu, isipokuwa kama kuna mtu anakuumiza, au unafikiri kujiumiza, au unafikiri kumuumiza mwenzako. Hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia kwamba ninautafuta." Maneno hayohayo yaandikeni kwenye barua. Mzazi anayeyasoma mapema anaelewa kwamba mimi si mpelelezi, na pia anaelewa kwamba jambo la usalama wa mtoto halifichwi.

Nitoe mfano mmoja, na nimebadilisha mambo madogo ili mtoto asitambulike. Mvulana wa darasa la pili alikuwa akiumwa tumbo kila siku muda mfupi kabla ya hisabati. Nyumbani walishampeleka hospitali na hakuonekana na ugonjwa. Nilimchorea ngazi yenye vipago kumi, nikamwomba aweke kidole kwenye kipago ambacho maumivu ya tumbo yamefikia sasa. Akaweka kwenye cha nane. Nikamuuliza yalikuwa wapi wakati wa kuchora picha, akashusha kidole hadi cha pili. Tulirudia hivyo kwa siku kadhaa, na taratibu akasema mwenyewe kwamba aliogopa kuitwa ubaoni kwa sababu siku moja wenzake walimcheka. Mwalimu wake akakubali kumwacha ajibu akiwa ameketi kwa muda. Mama yake alipokuja kuniona, sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakujua mtu kama mimi yupo shuleni. Alikuwa na mtoto pale kwa mwaka na zaidi. Kauli ile ilinihuzunisha sana, na tangu hapo sijakosa mkutano hata mmoja wa mwanzo wa mwaka.

Waelezeni wazazi pia ukweli wa idadi. Chama cha washauri wa shule nchini Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi duniani ziko mbali na kiwango hicho, zingine hazina mshauri kabisa. Kwa hiyo msiahidi kwamba kila mtoto ataonwa siku hiyohiyo, isipokuwa jambo la dharura. Na muwape namna ya kuzungumza nyumbani: badala ya kumhoji mtoto "Umemwambia nini mshauri?", mzazi anaweza kusema, "Ukitaka kunisimulia, nipo." Mtoto asiyehojiwa husimulia zaidi.

Jibu: Mwalimu wa Muziki

Nakubaliana na waliotangulia, nami nitaongeza la mkutano wenyewe. Msianze na tamasha. Kwaya ikiimba vizuri mbele ya wazazi, wanapiga makofi na kurudi nyumbani wakiamini kwamba muziki ni kwa ajili ya watoto wenye vipaji. Afadhali waonyeshwe kipindi cha kawaida.

Mimi huwaomba wazazi wasimame na kupiga hatua papo hapo, kushoto, kulia, bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Hayo ndiyo mapigo. Miguu ikishatulia, nawaomba wapige makofi kwa silabi za majina ya wanyama: *si-mba*, makofi mawili, *su-ngu-ra*, matatu, *ki-pe-pe-o*, manne. Huo ndio mdundo. Hatua zinaendelea vilevile huku makofi yakibadilika, na hapo ukumbi mzima hugundua ugumu wa kazi, kwa sababu mtu akifika kwenye kipepeo miguu yake inataka kukimbilia mikono. Halafu nawaambia kwamba watoto wao wa darasa la kwanza watakuwa wakifanya hivi kwa wiki kadhaa, na kwamba sikio linalogawa *sungura* katika vipande vitatu ndilo linalotumika katika kusoma silabi kitabuni. Sidai kwamba muziki unampa mtoto alama za hisabati. Nawaonyesha tu kitu wanachoweza kukihisi katika miili yao.

Nikiwa na muda nawaeleza kwamba njia hizi zina historia. Zoltán Kodály wa Hungaria alisisitiza kwamba elimu ya muziki ianze na sauti ya mtoto mwenyewe, na Carl Orff wa Ujerumani akaunganisha muziki na mwendo wa mwili na usemi, akitumia ala kama marimba ndogo ambazo vibao vyake vinaweza kuondolewa ili mtoto abaki na zile sauti chache anazozihitaji. Mzazi hufarijika kusikia kwamba ala ya kwanza, yaani sauti, mtoto anayo tayari, na kwamba hana haja ya kununua chochote mpaka aandikiwe.

Kuna ombi moja huwa naliweka katika barua kwa herufi nzito: tafadhali msimwambie mtoto kwamba hana sauti. Watoto wengi wa umri huu bado wanajifunza kuilinganisha sauti yao na ile wanayoisikia, na wengi huiweza wakipewa nafasi. Aliyeambiwa mapema kwamba hawezi hufunga mdomo, na akifunga mdomo sina cha kumfundishia.

Kwa mzazi anayeona muda unapotea, pamoja na aliyosema mwalimu wa viungo, unaweza kutaja kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unaelekeza, katika ibara ya 29, kwamba elimu ikuze haiba ya mtoto, vipaji vyake na uwezo wake wa akili na wa mwili. Ila taja hilo baada ya kumsikiliza, usilitangulize.

Jibu: Mama wa Wawili

Naomba niseme kama mzazi, kwa heshima zote kwenu walimu.

Mimi ni mmoja wa wale waliouliza kwa nini muda wa hisabati upunguzwe. Sikuwa napinga michezo. Nilikuwa na mtoto aliyechelewa kusoma, na kila dakika niliiona kama yake. Hakuna aliyeniuliza wasiwasi wangu umetoka wapi. Nilijibiwa kwa kifungu cha mtaala. Kama mwalimu angeniambia tu kwamba kipindi cha michezo hakipangwi katika muda wa kusoma, na kwamba binti yangu hataondolewa katika masomo ya ziada ili aende muziki, ningekaa kimya siku hiyohiyo. Kwa hiyo wekeni ratiba ndani ya barua. Mzazi aone kwa macho yake.

Jambo la pili ni dogo lakini lilitusumbua nusu muhula. Binti yangu alianza kukataa kwenda shule siku za Jumatano. Tulidhani ni mwalimu, tukadhani ni wenzake. Kumbe Jumatano ilikuwa siku ya michezo, na viatu vyake vilikuwa vya kamba, naye hakujua kuzifunga, akawa anaachwa nyuma akiinama wakati wenzake wameshaanza. Barua ingesema "mlete raba ambazo mtoto anaweza kuzifunga mwenyewe", tungeokoa machozi mengi. Andikeni siku, vifaa na nguo mwanzoni kabisa, kabla ya malengo.

Namheshimu mwalimu wa muziki, lakini si kila mzazi ataweza kusimama na kupiga makofi mbele ya watu asiowajua. Afadhali watoto wachache waongoze na wazazi wafuate. Kwa mtoto wake mtu mzima haoni aibu. Na tafadhali mkutano usiwe wa saa moja tu ya siku moja. Wapo wanaofanya kazi za zamu, wapo wanaolea peke yao, na wapo wasiosoma vizuri lugha ya shule. Kwao barua iwe fupi, itafsiriwe, na iwe na picha ya kila mwalimu, ili mtoto akisema "yule mwalimu" mzazi ajue ni nani.

Mwalimu Mratibu

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimeamua barua iwe ya ukurasa mmoja: juu ratiba, nguo na vifaa, kisha picha na aya moja ya kila mwalimu, na chini nafasi ya mzazi kuandika taarifa za afya na jambo lolote ambalo angependa tulijue. Mkutano utafanyika mara mbili, asubuhi na jioni, na watoto wa darasa la tatu ndio watakaowaongoza wazazi katika *simba*, *sungura* na *kipepeo*. Neno "walimu maalumu" nimelifuta.

Aya ya ushauri nasaha nimeiandika hivi, naomba mnikosoe:

"Mshauri nasaha wa shule anafundisha madarasa yote, na pia anazungumza na watoto wenye matatizo, kwa vikundi au mmoja mmoja. Hatoi adhabu. Mtoto haingizwi katika kikundi bila ridhaa yako. Anayoyasema mtoto ni ya faragha, isipokuwa kama usalama wake au wa mwingine uko hatarini, na mtoto anaelezwa hivyo tangu mwanzo. Wewe pia unaweza kuomba kuonana naye, kwa mfano kukiwa na msiba, kuhama au mabadiliko yoyote nyumbani."

Mshauri Nasaha wa Shule

Ni aya nzuri, na sentensi ya mwisho ndiyo iliyokosekana katika barua zangu mwenyewe, nitaichukua. Rekebisha mahali pamoja tu. Ondoa "watoto wenye matatizo" na uandike "mtoto yeyote anayehitaji kusikilizwa". Yule mama aliyekuja na barua iliyokunjwa mara nne atayasoma maneno hayo pia.